Matembezi ya ngamia Ewaso Ng'iro: yanausaidia mto au la?

Mwana wa Merti: Tangu 2013 Wasamburu, Waborana, Waturkana na Wamaasai hutembea na ngamia kando ya mto Ewaso Ng'iro, kaskazini mwa Kenya, kupinga bwawa la Crocodile Jaws lililopangwa kujengwa juu ya mto. Maji yakizuiwa huko juu, kinamasi cha Lorian huku chini kitakufa na sisi nacho. Je, matembezi yamebadilisha chochote, au serikali inangoja tuchoke?

Mkulima Timau: Mbona mifugo yenu haitajwi? Kiangazi mnashusha ng'ombe kwa mamia, kingo zinabomoka, halafu lawama kwa mkulima wa huku juu mwenye paipu.

Mwana wa Merti: Sema pampu, si paipu. Ng'ombe hunywa akaenda zake. Pampu hukesha, hata wakati wa mgao.

Binti Archer's Post: Mnabishania ng'ombe. Kiangazi kikikaza, sisi wanawake tunachimba mchanga wa mto mpaka kiunoni. Unateka kwa kikombe, unangoja maji yachuruzike tena, unateka. Jerikeni moja, asubuhi imekwisha. Mimi hutembea kwa sababu hiyo, bwawa lijengwe lisijengwe.

Mtu wa Mbarali: Ya ng'ombe tunayajua huku Tanzania. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukatika kiangazi miaka ya 90, akalaumiwa mfugaji. 2006, kama sikosei hadi 2007, wafugaji wakaswagwa kutoka bonde la Usangu na mifugo yao. Mto ukaendelea kukauka! Mifereji ya mpunga ilibaki palepale.

Mama Mpunga: Mdogo wangu, mpunga huo ndio uliosomesha wanangu. Mchele wa Mbarali unaliwa nchi nzima, wewe pia unaula. Usitufanye wezi.

Mtu wa Mbarali: Shikamoo mama. Sijasema wezi. Nimesema mfugaji alihamishwa na mfereji haukuguswa.

Mama Mpunga: Marahaba. Na sisi wa mifereji midogo tulifungiwa maji, hilo hukulisema.

Mkulima Timau: Asante mama! Mimi nina ekari mbili, niko kwenye chama cha watumiaji maji, siku isiyo zamu yangu nafunga vali. Nimechoka kuwekwa kapu moja na mashamba ya maua.

Mwana wa Merti: Basi tembea nasi, useme hayo mbele ya watu.

Binti Archer's Post: Kwanza atuambie, kaka: zamu isiyo yako, usiku, vali za jirani zako wakubwa zinafungwa na nani?

Mkulima Timau: Hilo ni la kuulizwa chamani. Nami nimeliuliza, sijajibiwa.