Nimetoa punguzo baada ya kukata risiti, VAT naipunguza wapi?

Hadwea_Mwanjelwa
Wakuu, shikamooni na habari za jioni. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbeya, nimesajiliwa VAT. Mafundi wa Tukuyu na Vwawa huchukua mzigo kwa ankara, na masharti ni kwamba anayelipa ndani ya siku 10 anapunguziwa asilimia 2. Tarehe 28 Mei nimeuza nondo na bati za 1,180,000 VAT ikiwamo, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ikatoka siku hiyohiyo. Tarehe 5 Juni mteja kalipa 1,156,400. Je, kwenye ritani (taarifa ya VAT ya kila mwezi) naripoti ipi? Na hiyo 23,600 naiandika kama matumizi?

Daftari_Safi
Mkuu, kwanza igawe hiyo 23,600, maana si yote yako. Bei yako ilishabeba VAT ya asilimia 18, kwa hiyo 23,600 × 18 ÷ 118 = 3,600 ni VAT, na 20,000 ndiyo mauzo yaliyopungua.

Ritani ya Mei usiiguse. Inabaki na mauzo ya 1,000,000 na VAT 180,000 kama risiti inavyosema. Punguzo limetokea Juni, basi marekebisho ni ya Juni: mwandikie mteja kredit noti (hati ya kupunguza kiasi cha ankara ya mwanzo) ya 20,000 na VAT 3,600, halafu uiingize kwenye ritani ya Juni, ile inayowasilishwa kabla ya tarehe 20 Julai kupita.

Kredit noti iwe na namba na tarehe ya risiti ya mwanzo, TIN na VRN (namba ya usajili wa VAT) yako, TIN ya mteja (na VRN kama anayo), sababu ya punguzo, na kiasi kikiwa kimetenganishwa: bidhaa kivyake, VAT kivyake. Karatasi iliyoandikwa "punguzo 23,600" tu haitakusaidia siku ya ukaguzi.

Kwenye vitabu siku ya malipo: benki 1,156,400, punguzo kwa wateja 20,000, VAT ya mauzo 3,600. Jumla 1,180,000, deni la mteja linafutika.

Mama_Hesabu_Iringa
Naongezea hapo kwenye "matumizi", maana ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anaandika mauzo 980,000 baada ya punguzo, halafu kwenye matumizi anaweka tena punguzo 20,000. Hapo amelitoa mara mbili na faida imepungua kimakosa. Chagua moja: mauzo 1,000,000 na mstari wa punguzo chini yake, au mauzo 980,000 bila mstari. Mie napendelea ya kwanza, kwa sababu jumla ya mauzo inalingana na ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku inayotolewa na mashine.

Makato ya lipa namba nayo si punguzo. Mteja akilipa 100,000 na wewe ukapokea pungufu kwa sababu ya makato, mauzo ni 100,000. Yale makato ndiyo matumizi.

Kijana_wa_Makambako
Kwani si rahisi kumwambia mteja bei ya bila risiti? Huku mitaani ndiyo punguzo lenyewe 😀

Daftari_Safi
Hilo si punguzo, mdogo wangu, huko ni kuficha mauzo. Na linajifichua lenyewe: nondo ulizonunua zina risiti ya msambazaji, umedai VAT yake, stoo hazipo na kwenye Z hazipo. Swali la kwanza la mkaguzi ni "zimekwenda wapi?"

Mwenye uzi, kwa anayelipa taslimu palepale mambo ni mepesi. Weka punguzo kwenye mashine kabla risiti haijatoka: 980,000 + VAT 176,400 = 1,156,400. Hakuna kredit noti. Risiti ikishatoka, kuichana hakufuti kitu, taarifa zimeshaingia TRA.

Mama_Hesabu_Iringa
Na ukitoa mfuko wa saruji wa bure kwa anayechukua 50, risiti isome mifuko 51 kwa bei ya 50. Ukiandika 50, mfuko mmoja utaonekana umepotea stoo.

Hadwea_Mwanjelwa
Asanteni sana. Na mimi nikipunguziwa na msambazaji wa Dar kwa kulipa mapema?

Daftari_Safi
Ni kilekile kwa kugeuza. Akikuletea kredit noti, punguza VAT ya manunuzi uliyodai, mwezi huohuo. Yeye akishusha VAT yake nawe ukabaki na dai zima, hesabu zenu hazitalingana, na wewe ndiye utakayeitwa.

Hadwea_Mwanjelwa
Nimeelewa. Nina ankara nyingine mbili za Mei zilizolipwa Juni kwa punguzo hilohilo, sikutoa kredit noti.

Daftari_Safi
Zitoe sasa kabla hujafunga Juni, moja kwa kila ankara. Hakikisha sharti la siku 10 limeandikwa kwenye ankara zenyewe. Kama lilikuwa la mdomo, utapata kazi kulitetea. Karatasi zote zitunze miaka 5.