Naomba ushauri: Maria watatu ukurasa mmoja, yupi ni mama yake babu?

Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Natafuta habari za mama mzaa babu, Mgogo wa upande wa Mvumi. Kwenye daftari la ubatizo la 1934 kaandikwa "Maria, mke wa" fulani, basi. Jina la Kigogo hakuna, la baba yake hakuna. Ukurasa huohuo una Maria watatu, na waume wawili wana jina moja!

Wazee wa upande wa baba wanataja wanaume vizazi vitano bila kukwama; ukiuliza wanawake unajibiwa "mama fulani". Kilichosaidia kidogo ni kuacha kuuliza majina na kuuliza ng'ombe wa mahari: walitoka zizi la nani, na kwa mke waligawiwa akina nani. Kwa kuwa wajomba nao hupata mgawo, nimefika kwenye ukoo mmoja wa Mpwapwa. Umri nao: inasemekana wakati wa njaa ya Mtunya (1917–1920) alikuwa na mtoto mgongoni, ila naogopa isije ikawa ni njaa nyingine ya baadaye, maana wasimulizi huzichanganya.

Maswali yangu mawili:

Je, wasimamizi wa ubatizo wanatosha kuwatenganisha hao Maria, au nianze na daftari la ndoa?

Na kule ujombani niulizeje habari za ng'ombe bila kuonekana nimekuja kudai?