Naomba ushauri: nimepata mkataba wa kazi Niger

Habari zenu wakuu. Kampuni moja ya kuchimba visima imenipa mkataba wa mwaka mmoja nchini Niger. Ofisi iko Niamey ila kazi yenyewe ni upande wa Zinder, karibu kilomita 900 kwa barabara. Mshahara unashawishi, lakini mke wangu kanuna tangu nimtajie.

Nimesoma kidogo. Nchi haina bahari, ukubwa wake unapita kilomita za mraba milioni 1.2, na sehemu kubwa ni jangwa la Sahara, hivyo watu wamejazana kusini. Sokoni ni Kihausa na Kizarma, fedha ni faranga ya CFA. Aprili na Mei joto linavuka nyuzi 40, na mimi ni mtu wa Njombe jamani!

Kinachoninyima usingizi ni usalama. Jeshi lilimpindua Rais Bazoum Julai 2023, na kule Tillabéri, karibu na mipaka ya Mali na Burkina Faso, wanamgambo wameua watu wengi. Zinder iko mashariki, mbali na huko, lakini safari ya barabarani je? Au niwabane waandike tiketi ya ndege kwenye mkataba?

Mliowahi kuishi huko, pesa mlitumaje nyumbani kutoka CFA? Chanjo ya homa ya manjano ninayo. Ya uti wa mgongo nichome hapahapa kabla ya kiangazi chao? Natakiwa kusaini wiki ijayo.