Mjadala: Je, sayansi ya sekondari ifundishwe kwa miradi?

Mdau wa Mvomero: Ndugu zangu, nimemwona mwanafunzi wa kidato cha pili akichemsha maua ya rosela na kugawa maji yake mekundu katika vikombe viwili, kimoja akakikamulia ndimu na kingine akakitia magadi. Kile cha magadi kilipogeuka kijani, alielewa asidi na besi kuliko nilivyoelewa mimi kwa miaka minne ya kunakili. Kinachotukwamisha ni walimu waliozoea kujaza ubao na kuondoka.

Mwalimu wa Kemia: Sentensi yako ya mwisho imenichoma. Nina wanafunzi 90 katika mkondo mmoja, bureti nne, ile mirija ya kupimia vimiminika, na mada ambazo lazima ziishe kabla ya mtihani wa Novemba. Ukiniona najaza ubao, usidhani nimependa.

Mzazi: Pole, mwalimu, lakini na sisi wazazi tunaumia. Miradi ni michango kwa jina lingine. Muhula uliopita mwanangu aliagizwa mfano wa moyo. Nikanunua manila na mipira, mjomba wake fundi akauunda na kuupaka rangi, mtoto akapata alama za juu ilhali hajui damu inaingilia chumba kipi. Je, mtoto wa jirani asiye na mjomba fundi apewe nini?

Mstaafu: Hayo ya miradi si mageni. Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1970, shule yetu ilikuwa na shamba la mahindi. Tulibeba samadi kwa ndoo mpaka mabega yakachubuka, wala hakuna aliyetueleza samadi inaufanyia nini udongo.

Mdau wa Mvomero: Shikamoo, mzee. Waraka ule ulitoka Machi 1967, na ulitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi za shamba na kujifunza kutokana nazo. Mliyofanyishwa ninyi yalikuwa kibarua. Msiihukumu miradi kwa kibarua.

Mstaafu: Marahaba. Mwaka nimekosea, mabega sikukosea.

Mwalimu wa Kemia: Mama, mradi wa mjomba nami siutaki. Ufanyike darasani, ndani ya kipindi, kwa ndimu, majivu na magadi, na mtoto aeleze kwa mdomo alichokiona. Hilo naliweza hata kwa wanafunzi 90, nikiwagawa katika makundi. Lakini kama mtihani utaendelea kumuuliza maana ya besi bila kumuuliza alichokipima, wazazi watakuja ofisini Oktoba kuniuliza kwa nini mada tatu hazijafundishwa, na rosela haitanitetea.