Nianzie wapi: duka la miwani, mtaalamu wa optometria au daktari bingwa wa macho?

Mama_Junior, Morogoro
Habari za jioni wanajukwaa. Mwanangu wa miaka 9 anakunja uso akisoma ubaoni. Mama yangu, 61, kila mara anagonga fremu ya mlango kwa bega la kushoto. Jirani kuna duka linapima bure kwa kompyuta, hospitali ya mkoa kuna optometria, bingwa mpaka nisafiri. Hela ni ya kupanga.

Mzee_Machweo
Mama ni umri tu, binti yangu. Mnunulie miwani ya kusomea pale stendi. Mimi ninayo ya +2.00, gazeti nasoma vizuri.

Lenzi_Moshi
Shikamoo mzee. Kwa gazeti uko sahihi, baada ya miaka 40 lenzi ya jicho hukakamaa. Lakini kugonga mlango ni jambo jingine. Presha ya macho huanza kula uoni wa pembeni, haiumi, na kilichopotea hakirudi. Huyo mama asipewe miwani tu akaachwa.

Mimi ni mtu wa optometria, nimesomea hospitali ya KCMC, Moshi. Tunapima uoni, tunatafuta namba ya miwani, tunapima presha ya jicho na kuchungulia mshipa wa fahamu kule nyuma. Tukiona ugonjwa unaohitaji bingwa tunaandika rufaa. Upasuaji si wetu: bingwa amesoma udaktari miaka 5, mwaka 1 wa mazoezi kazini, ndipo akasomea macho. Fundi miwani naye hukata lenzi na kuipachika kwenye fremu. Ukifika dukani uliza anayepima ni nani.

Kuhusu mtoto, usitegemee namba ya mashine peke yake. Akichungulia mle ndani jicho lake hujikaza, namba inatoka kubwa kuliko ukweli. Sisi tunamtia matone, tunasubiri jicho lilegee, kisha tunamulika mboni kwa retinoskopu, kifaa cha mkononi chenye taa. Unaona mwanga mwekundu unatembea. Unabadilisha lenzi mbele ya jicho mpaka utulie.

Nyota_Kakamega
Hili la matone ni kweli kabisa. Binti yangu alipewa -1.50 dukani, kichwa kikamuuma wiki mbili. Kijana aliyesomea optometria hapa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro akamtia matone: hakuhitaji miwani hata kidogo.

Mama_Junior, Morogoro
Asanteni sana. Jumatatu nawapeleka wote wawili hospitali ya mkoa. Presha ya macho ya mama ikiwa ya kawaida, nitulie?

Lenzi_Moshi
Hapana dada. Kawaida ni 10 hadi 21 (kwa kipimo cha mmHg), ila wapo wanaoharibika wakiwa humo humo. Omba waangalie mshipa na upana wa uoni wake. Wakikupa rufaa, safiri wiki hiyo hiyo. Nawe upimwe, pamoja na ndugu zako wa tumbo moja. Ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo.