Naomba ushauri: napenda kupiga picha, lakini natoka kazini giza limeshaingia

Wakuu, habari za kazi. Napenda sana kupiga picha za watu wakiwa kwenye shughuli zao, ila ule mwanga laini wa jua linapokaribia kuzama hunikuta bado nipo ofisini. Nina kamera yenye lenzi ya mm 50, f/1.8 (yaani tundu lake la mwanga hufunguka sana). Usiku nikiifungua lenzi yote na kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 3200, picha inajaa chengachenga. Nikiishusha ISO, kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) nayo inashuka chini ya 1/50 ya sekunde na mtu anayetembea anatoka na ukungu. Tripodi haisaidii hapo, maana inatuliza kamera tu, haimtulizi mtu.

Mlioajiriwa na mnapiga picha, mnafanyaje? Niamke alfajiri nipige kabla ya kazi, au nijifunze kutumia taa za barabarani?

Halafu likizo inakaribia. Mwenzangu anataka tusafiri tupumzike, mimi kichwani nawaza picha tu, na kwa kweli sitaki safari yake igeuke kuwa ya kunisubiri. Mnagawanaje muda na wenza wenu safarini? Hili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi.