Kadi za mkono za kuuza: mgomba, kitenge au vikaratasi vya kuviringisha?

mama_manila (Dar)
Wakuu habari za jioni. Natengeneza kadi nyumbani kwa kujifurahisha tu, bethdei za watoto, kipaimara, mambo hayo, sasa watu wameanza kuulizia bei na mimi nataka nichague aina moja niikomalie. Nafikiria tatu: za maganda makavu ya mgomba kama wanazouza kwenye maduka ya vinyago, za vipande vya kitenge, na zile za vikaratasi vyembamba vinavyoviringishwa mpaka vinatoka maua. Mliowahi kuuza naomba ukweli, msiniambie zote nzuri.

Mgombani
Dada chukua mgomba. Malighafi bure, huku Moshi unapita shambani unabandua maganda yaliyojikaukia kwenye shina. Na rangi hupaki, ganda la nje kahawia iliyokolea, la ndani linakuja rangi ya maziwa, mengine yana mistari yake yenyewe, ukijua kuyapanga unapata twiga, msonge, mama na mtungi kichwani. Unalilainisha kwa kitambaa chenye unyevu, unapiga pasi juu ya kitambaa kingine mpaka linalala, halafu unalibandika kwenye karatasi nyepesi KABLA ya kukata umbo maana ukikata ganda tupu linachanika kufuata nyuzi zake na twiga anabaki na miguu mitatu. Ila likauke kabisa, ukilifunga na unyevu kwenye nailoni litaota ukungu.

dogo_steshenari
Mkuu hiyo bure ni ya kwako Moshi, yeye Dar atalipia mpaka nauli ya maganda. Alafu hizo anayenunua ni mtalii, sijawahi kuona Mbongo anampa shemeji yake kadi ya twiga. Na watalii wenyewe sio wote, wa Australia na New Zealand kwao wakali sana na vitu vya mimea, lazima akitangaze uwanjani akifika, kuna wanaoona bora wanunue hereni.

Mgombani
Hao wangapi bana. Ila la mtalii kweli, msimu ukiisha nakaa nazo.

BiMkubwa_Unguja
Mwanangu mama_manila, mie nipo kwenye kitenge na kanga. Vipande anakuwekea fundi cherehani, mpelekee soda tu. Shida yake ni mbili, nyuzi za pembeni zinafumuka na gundi nyeupe ya maji inapenya kitambaa inaacha doa. Dawa ni ile gamu wanayoweka mafundi kwenye kola, igandishe kwa pasi nyuma ya kitambaa kwanza, ndipo ukate, hapo hata ua dogo linakatika safi. Kuibandika kwenye manila tumia gundi ya kijiti au selotepu ya pande mbili, kisha ilalie chini ya vitabu vizito usiku kucha isijikunje. Sikukuu ya Idi nashona zangu zina mfuko mdogo ndani wa kutilia noti ya mkono wa Idi, watoto wanazigombania.

Njeri_karatasi
Salimieni kutoka Nairobi. Hivi vya kuviringisha ndio kazi yangu, na nakwambia ni tamu kwa macho lakini inakula mda vibaya, ua moja unaweza kukaa nalo hadi chai ipoe. Vifaa ni rahisi, karatasi za rangi za fotokopi unakata vipande vya milimita 3 ama 5 na unaviringishia kijiti cha meno ulichopasua ncha. Lakini kadi inainuka juu, haiingii kwa bahasha ya kawaida, ukilazimisha maua yanalala, kwa hivyo lazima utengeneze kiboksi na hicho ni gharama. Siku hizi mimi sifanyi kadi nazo sana, nafanya majina ya maharusi kwa fremu, hapo mtu analipa bila kelele. Na upakiaji, huku mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017 kwa hivyo nazungushia mkanda wa karatasi ya kaki na uzi wa katani, na wateja wanapenda zaidi.

mzee_wa_kauli
Nani ananunua kadi jamani? Mialiko yote iko WhatsApp, unaskaniwa QR mlangoni unaingia.

dogo_steshenari
Mwaliko sawa umehamia kwenye simu, lakini zawadi ya pesa je? Nenda sendofu yoyote au kitchen party, watu wanatunza kwa bahasha ya kaki imeandikwa jina kwa peni. Hapo ndio pa kuingilia. Za mfuko kama za Bi Mkubwa zingetoka mwaka mzima sio Idi tu.
Alafu dada angalia manila unayonunua, nyingine nyepesi kadi haisimami, ulizia ya gramu 250. A4 ikate katikati, kila nusu ikunje, unapata kadi mbili za A6 na zinaingia bahasha ya C6 (milimita 114 kwa 162) bila kuhangaika. Kabla ya kukunja pitisha rula na peni iliyoisha wino pale kwenye mstari, ukikunja kwa vidole tu manila nzito inapasuka rangi.

mama_manila (Dar)
Aisee hilo la zawadi ya pesa sikuliwaza kabisa na vikao vya sendofu naalikwa kila mwezi. Basi kitenge, yenye mfuko. Mgombani usinune, nitakuagiza maganda kidogo ya kupambia pembeni. Bi Mkubwa shikamoo, na hiyo gamu naomba kwa mita au kwa kipande?

BiMkubwa_Unguja
Marahaba mwanangu. Kwa mita, na chukua ile nyepesi, nzito ukikunja kadi inabinuka.

mzee_wa_kauli
Na mimi wekeni oda, harusi ya mpwa wangu iko Desemba. Isiwe na twiga.